Tuwafunze wanafunzi kuiona pembetatu iliyofichika

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Msemo huo umenirudia akilini mara nyingi tangu siku nilipokwenda kumjulia hali jirani yangu mmoja kijijini, mama mjane mwenye kishamba kidogo kando ya barabara. Nilimkuta ameketi kibarazani, karatasi mkononi, uso umemsawijika. Alikuwa ameandikiwa hesabu ya seng'enge za kuzungushia kishamba chake, na hesabu hiyo ilikuwa imeushinda mfuko wake.

"Mwalimu, hebu nitazamie hii," aliniambia. "Huyu mwanangu yuko kidato cha nne, nami namwomba aihakiki, lakini ananiambia haiwezekani."

Msomaji mpenzi, nakuomba uchukue kalamu ukichore kishamba hicho. Upande wa juu unapakana na barabara, na urefu wake ni mita 32. Mipaka miwili inateremka kutoka barabarani kuelekea bondeni, kila mmoja ukiunda pembe mraba na barabara, yaani pembe ya nyuzi 90. Mpaka wa kushoto una mita 40, na wa kulia una mita 64. Upande wa nne, ule wa chini, unakata mshazari kutoka ncha ya mpaka wa kushoto hadi ncha ya mpaka wa kulia. Huo ndio uliozua tatizo, kwa kuwa unapita katikati ya matete na matope ambamo hakuna aliyethubutu kuvuta utepe wa kupimia.

Fundi wa ua aliyeitwa kuipima kazi hiyo alikuwa ametafuta njia ya kuyakwepa matope. Alisimama kwenye ncha ya mpaka wa kushoto, akatembea sambamba na barabara kwenye ardhi kavu mita 32 hadi akaufikia mpaka wa kulia. Hapo akapinda, akateremka na mpaka huo mita 24 hadi kwenye kona ya chini. Akajumlisha 32 na 24, akapata 56. Basi akaandika kwamba upande wa nne una mita 56, na kwamba ua mzima ni mita 192. Kwa kuwa ua ulikusudiwa kuwa na nyaya tano, mama alitakiwa anunue mita 960 za seng'enge.

Nilimgeukia yule kijana. Nilimuuliza iwapo anaikumbuka nadharia ya Pythagoras. Aliikariri bila kukwama: katika pembetatu yenye pembe mraba, mraba wa upande mrefu ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili fupi. Nikamuuliza kwa nini basi asiitumie hapa. Jibu alilonipa ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

"Mwalimu," alisema kwa adabu, "nadharia hiyo ni ya pembetatu. Hii si pembetatu. Ina pande nne."

Kijana huyu si mzembe wala si mjinga. Alilolisema ndilo tulilomfundisha. Sisi walimu, na vitabu tunavyovitumia, aghalabu humpa mwanafunzi pembetatu iliyokwisha kuchorwa, pembe mraba ikiwa imewekewa alama, pande mbili zikiwa na namba na wa tatu ukiwa na herufi. Kazi yote inayombakia ni kutia namba mahali pake na kutafuta kipeuo cha pili. Zoezi la kwanza ni hivyo, la pili ni hivyo, na la ishirini ni hivyo hivyo. Mwishowe mwanafunzi huamini kwamba pembetatu ni kitu anachopewa, ilhali katika maisha, na hata katika maswali magumu ya mtihani wa KCSE, pembetatu ni kitu anachopaswa kukitafuta mwenyewe.

Lakini tusimcheke fundi naye. Alipotembea mita 32, akapinda, na kuteremka mita 24, alikuwa ameichora pembetatu nzima kwa miguu yake. Pande mbili fupi alizipima sawasawa, tena kwa uangalifu. Asichokijua ni kanuni ya kumpa upande wa tatu. Hivyo basi fundi alikuwa na pembetatu asiyoijua kanuni yake, na kijana alikuwa na kanuni asiyoiona pembetatu yake. Wote wawili walisimama katika kishamba kimoja, na bado hesabu ikabaki na kosa ambalo mama mjane ndiye angelilipia.

Nilimpa kijana kijiti, nikamwambia akichore kishamba mchangani. Alipomaliza nikamwambia, "Sasa nichoree njia aliyopita fundi." Akachora mstari kutoka ncha ya kushoto hadi mpaka wa kulia, akapinda, akateremka hadi kona ya chini. Akanyamaza kitambo akiutazama mchanga. Kisha, bila kuambiwa, akaweka alama ya pembe mraba pale fundi alipopinda.

"Kumbe ipo," alisema.

Nami nikamwongezea swali ambalo mwanafunzi hana budi kulijibu kila mara kabla ya kuigusa nadharia hii: "Umejuaje kwamba hiyo ni pembe mraba?" Alinijibu kwamba mipaka yote miwili iko mraba na barabara, na fundi alitembea sambamba na barabara. Jibu zuri, ila lilitegemea ukweli wa kona za barabarani. Tulichukua kamba tukazihakiki kona hizo, kwa njia nitakayoieleza hapa chini. Zilikuwa sawa. Hapo ndipo alipopiga hesabu: 32 mara 32 ni 1,024, 24 mara 24 ni 576, jumla yake ni 1,600, na kipeuo cha pili cha 1,600 ni 40. Upande wa nne ni mita 40, wala si 56.

Naomba wanafunzi watazame jambo moja zaidi katika hesabu hiyo. Hata kabla ya kutafuta kipeuo, kijana angeweza kuukataa urefu wa mita 56. Njia ya mshazari daima ni fupi kuliko njia ya kuzunguka, na upande mrefu wa pembetatu yenye pembe mraba daima unazidi kila mmoja wa zile fupi. Jibu basi lilikuwa lazima liwe kati ya 32 na 56. Mwanafunzi anayejizoeza kuuliza "jibu langu laweza kuwa kati ya ngapi na ngapi?" atajiokoa na makosa mengi ambayo kikokotoo hakiwezi kumwokoa nayo.

Tuchukue mfano wa paa. Nyumba ina upana wa mita 8, na fundi anataka kilele cha paa kiwe mita 3 juu ya kuta, katikati kabisa. Boriti inayoteremka kutoka kileleni hadi ukutani itakuwa na urefu gani, tukiacha ile sehemu inayojitokeza nje ya ukuta? Mwanafunzi mwenye haraka atachukua 8 na 3, atapata 64 na 9, jumla 73, na kipeuo chake kama mita 8.54. Ni boriti iliyo ndefu kuliko upana wa nyumba yenyewe! Kosa lake si la hesabu bali la macho. Umbo la mbele la paa ni pembetatu yenye pande mbili sawa, ila haina pembe mraba popote. Ni lazima ateremshe mstari wima kutoka kileleni hadi katikati. Mstari huo huligawa paa kuwa pembetatu mbili zenye pembe mraba, na kila moja ina kitako cha mita 4 na kimo cha mita 3. Sasa 16 na 9 ni 25, na boriti ni mita 5. Aliyekosea huenda akalipia mbao ambazo hatazitumia.

Au tutazame ngazi ya mita 6.5 iliyoegemezwa ukutani, mguu wake ukiwa mita 2.5 kutoka ukutani. Inafika juu kiasi gani? Hapa tayari tunao upande mrefu, kwa maana ngazi ndiyo inayotazamana na pembe mraba. Kwa hiyo hatujumlishi bali tunatoa: 42.25 toa 6.25 ni 36, na ngazi inafika mita 6. Anayejumlisha kwa mazoea atapata karibu mita 7, yaani ngazi inayofika juu kuliko urefu wake! Nimesahihisha majibu ya namna hiyo mara nyingi, na mara nyingi mwandishi wake ameyapigia mstari chini mara mbili kuonyesha kwamba ameridhika.

Mfano wa tatu ni wa wale wanaopenda kujipima. Umeokota kigae, kipande cha ukingo wa mtungi uliovunjika, nawe unataka kujua mdomo wa mtungi ulikuwa na upana gani ulipokuwa mzima. Pima kwa rula umbali ulionyooka kati ya ncha mbili za ukingo huo. Tuseme ni sentimita 24. Kisha pima kina cha mpindo, kutoka katikati ya mstari huo hadi kwenye ukingo. Tuseme ni sentimita 8. Duara lenyewe halipo, wala kitovu chake hakipo. Lakini ukikichora kitovu hicho katika fikra, ukakiunganisha na ncha moja ya kigae na pia na katikati ya mstari wako, utakuwa umepata pembetatu yenye pembe mraba. Upande wake mrefu ni nusu kipenyo cha duara, ambacho hatukijui. Upande mmoja mfupi ni sentimita 12, nusu ya 24. Wa pili ni nusu kipenyo hicho kikipunguzwa 8. Ukiziandika habari hizi kwa kanuni, miraba ya kile usichokijua inafutana pande zote mbili, na kinachosalia ni kwamba mara 16 ya nusu kipenyo ni 208. Nusu kipenyo basi ni sentimita 13, na mdomo wa mtungi ulikuwa na upana wa sentimita 26. Kigae kimoja mkononi kimekurudishia mdomo mzima wa mtungi.

Katika mifano yote hiyo utaona kwamba hila ni moja. Mstari uliotupa jibu haukuwamo katika swali. Ilibidi tuuchore wenyewe: katika kishamba, ule uliokuwa sambamba na barabara, katika paa, kimo, katika mtungi, mstari kutoka kitovuni. Kujua mstari gani uchorwe ndiyo hisabati yenyewe. Mengine yote ni kuzidisha na kutoa.

Hayo si mambo ya jana. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London kuna bamba la udongo la Babeli, la zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Pythagoras kuzaliwa, ambalo mojawapo ya maswali yake laeleza habari ya boriti iliyoegemea ukuta. Urefu wake ni 30. Ncha ya juu imeteremka 6. Ncha ya chini imesogea kiasi gani kutoka ukutani? Mwanafunzi wa leo aweza kulijibu: kimo kimebaki 24, 900 toa 576 ni 324, jibu ni 18. Bamba jingine, lililohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, limechorwa mraba na milalo yake miwili inayotoka kona hadi kona, na juu yake pameandikwa ni mara ngapi mlalo unauzidi upande. Kipimo hicho kikiandikwa kwa namba zetu ni takriban 1.414213, karibu kabisa na kipeuo cha pili cha 2. Walioandika mabamba hayo hawakutia alama ya pembe mraba kwa ajili ya mtihani. Walikuwa na kuta, mifereji na mashamba.

Wala si jambo la kigeni kwa bara letu. Ni mjini Alexandria, katika Misri, ambako Euclid alifundisha yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Katika kitabu cha kwanza cha Elements, nadharia ya 47 ndiyo hiyo tunayoikariri. Lakini walimu wenzangu, ni wangapi kati yetu huwafikisha wanafunzi kwenye nadharia ya 48 inayoifuata mara moja? Hiyo husema kinyume chake: iwapo mraba wa upande mmoja wa pembetatu ni sawa na jumla ya miraba ya zile mbili nyingine, basi pembe inayotazamana na upande huo ni pembe mraba. Ya kwanza hukupa urefu ukiwa tayari una pembe. Ya pili hukupa pembe ukiwa tayari una urefu.

Na hiyo ya pili ndiyo waliyo nayo waashi wetu. Mtazame mwashi anapoweka msingi wa nyumba. Hufunga kamba kwenye vigingi, akapima futi 3 kwenye kamba moja na futi 4 kwenye nyingine, kisha husogeza kamba hadi umbali kati ya alama hizo mbili uwe futi 5 kamili. Huiita tatu-nne-tano, na akishaipata anajua kona yake iko mraba, kwa kuwa 9 na 16 ni 25. Akimaliza kona zote hupima msingi kona hadi kona, huku na huku, kuhakikisha kwamba milalo yote miwili ni sawa. Ndivyo nasi tulivyozihakiki kona za kishamba cha mama, kwa mita badala ya futi. Pengine mwashi huyo hajawahi kulisikia jina la Euclid, lakini kila nyumba iliyosimama mraba mtaani ni ushahidi kwamba nadharia ya 48 anaijua.

Waama, hata umbo la kishamba kile lina historia yake. Mwaka wa 1876 James Garfield, aliyekuwa mbunge wa Marekani na ambaye mwaka 1881 aliingia madarakani kuwa rais wa nchi hiyo, alichapisha ithibati yake ya nadharia hii. Alichukua umbo la pande nne lenye pande mbili sambamba na kona mbili za pembe mraba, aina ile ile ya umbo la kishamba cha jirani yangu, akaligawa kuwa pembetatu tatu zenye pembe mraba. Kisha akatafuta eneo lake kwa njia mbili na kuzilinganisha. Mwanafunzi aliyedhani kwamba umbo la pande nne halihusiani na Pythagoras angestaajabu kuona kwamba nadharia yenyewe inaweza kuthibitishwa kutokana na umbo hilo hilo.

Sasa tufanyeje? Nayasema haya nikijua kwamba madarasa yetu yamejaa, kwamba mwalimu mmoja hubeba mzigo wa watatu, na kwamba mitaala imebadilika mikononi mwetu. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na mfumo wa umilisi umeahidi kumfunza mtoto kutenda badala ya kukariri. Ahadi hiyo ni njema. Lakini mwalimu anayeandika ubaoni pembetatu iliyokamilika, na kuwaambia watoto watafute herufi, atakuwa amebadilisha jina la mfumo na kuacha mafunzo yalivyokuwa.

Ninapendekeza mambo matatu, yote yasiyohitaji fedha za serikali. Kwanza, katika kila zoezi, nusu ya maswali yawe na maumbo yasiyo pembetatu: mistatili, mapaa, madirisha yenye tao, mashamba yaliyokatwa mshazari. Mwanafunzi apewe alama kwa kuuchora mstari unaofaa, hata kabla ya kupiga hesabu, na apewe alama nyingine kwa kueleza kwa nini pembe aliyoitumia ni pembe mraba. Kuitumia nadharia hii mahali pasipo na pembe mraba ni kosa kubwa kuliko kukosea kuzidisha.

Pili, kila shule iwe na kamba moja iliyofungwa mafundo na kugawanywa sehemu 12 zilizo sawa. Wanafunzi watatu wakiivuta kwa sehemu 3, 4 na 5, watapata pembe mraba uwanjani. Waambiwe wachore nayo uwanja wa voliboli, kisha wapime milalo. Watakayoyagundua siku hiyo hawatayasahau usiku wa kuamkia mtihani.

Tatu, tumwalike mwashi darasani, na tulipeleke darasa kwenye mjengo. Mwashi awaonyeshe wanafunzi jinsi anavyoipata kona, nao wamwonyeshe kwa nini njia yake haikosei. Ninaamini kila upande utakwenda nyumbani na kitu ambacho haukuwa nacho.

Nirudi kwa jirani yangu. Alinunua seng'enge za ua wa mita 176 badala ya 192, yaani mita 880 kwa nyaya tano, na ziada kidogo ya kufungia. Mita 80 hakuzinunua, na fedha zake zilibaki kwake. Fundi wa ua ndiye aliyeifanya kazi hiyo, naye alimtaka kijana amwonyeshe hesabu ile mchangani kwa mara ya pili, kisha ya tatu. Kiangazi kilipoyakausha matope na matete kukatwa, walivuta utepe kutoka kona hadi kona. Ulisoma mita 40 na sentimita chache.

Kijana alinieleza hayo kwa furaha ya mtu aliyeona namba ikitoka ardhini. Nilimpongeza, ila moyoni nilijiuliza ni wangapi walioketi naye darasani ambao bado wanaamini kwamba umbo lenye pande nne halina pembetatu ndani yake. Hao ni wanafunzi wetu, na hatujachelewa kuwapa kijiti na mchanga.